“Mpira uko kwenu”: msemo huu umetoka kwenye mchezo gani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Nyamisati alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi. Alikuwa ametoka kwenye mkutano ambapo mgeni rasmi, baada ya kusikiliza maombi ya wananchi, alifunga faili lake na kusema: “Sasa mpira uko kwenye korti yenu.” Watu walipiga makofi. Njiani wakaanza kuulizana: kwani tumeshitakiwa? Korti tunayoijua sisi ni mahakama!

Hakuna aliyeshitakiwa. Huu ni msemo wa Kiingereza, “the ball is in your court.” Neno hilo la mwisho lina maana zaidi ya moja: ni mahakama, na pia ni uwanja wa michezo kama tenisi. Msemo wenyewe ni wa tenisi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa, kwa sababu huku Kibiti na delta nzima tukisikia “mpira” tunawaza soka. Kwenye soka, mpira ukiwa upande wenu inawezekana mnao ninyi, au mnashambuliwa na goli liko njiani. Msemo hauelezi kitu.

Tenisi ni tofauti. Mashindano maarufu ya Wimbledon, jijini London, yalianza mwaka 1877, na tangu hapo uwanja umegawanywa katikati kwa wavu. Huruhusiwi kuvuka kwenda kwa mwenzako. Mpira ukija kwako, ni wewe tu wa kuurudisha kwa raketi. Ukidunda mara mbili upande wako, pointi imekwenda kwa mwenzako. Waliocheza mpira wa wavu shuleni wanaelewa haraka: mpira ukishavuka wavu, huwezi kumtazama jirani.

Kwa hiyo “mpira uko kwenu” maana yake ni hii: mimi nimemaliza sehemu yangu, sasa ni zamu yenu kuchukua hatua, na mkikaa kimya mtakaopoteza ni ninyi. Si pongezi, wala si ahadi. Wale waliopiga makofi walikuwa wamepewa kazi.

Lakini tuwe macho. Msemo huu ni wa haki pale tu ambapo anayeusema ameupiga mpira kweli ukavuka wavu. Ukiambiwa mpira uko kwako, na fomu hujapewa, au hujaelezwa uipeleke wapi, basi mpira bado anao yeye. Kwa hilo Kiswahili kina msemo wake, na huu ni wa soka hasa: kupigwa danadana. Mchezaji anaurusha mpira kwa mguu, kwa paja, kwa kichwa, haugusi chini, na hakuna mwingine anayeupata. Ndiyo ile ya “njoo kesho”, “nenda ofisi ile”, “rudi kule ulikotoka”. Kwa mtu anayetoka visiwani kwa mtumbwi, akisubiri maji yajae ndipo avuke, kila “njoo kesho” ni nauli na siku nzima ya shamba.

Utajuaje kama umepewa mpira au unapigwa danadana? Uliza maswali matatu kabla mgeni hajaondoka: Ninyi mmekwishafanya nini? Sisi tunatakiwa kufanya nini hasa? Mwisho lini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Barua mkiipeleka ofisini, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hapo mmeurudisha mpira, na kila mtu ameuona ukivuka.

Tukumbuke pia kuwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huo ndio uwanja wenu wa kuuliza mpira umefika wapi.

Una msemo mwingine unaokutatiza? Tupigie wakati wa kipindi. Sisi tumeshapiga, mpira uko kwako.