Kumbikumbi wakitoka, weka ufagio chini kwanza

Mvua ya vuli ikishanyesha sawasawa kwa mara ya kwanza, haipiti siku mbili taa ya nje haijavamiwa. Kumbikumbi wanajaa kwenye pazia, wanadondokea kwenye mboga, na asubuhi kazi ya kwanza ni kufagia mbawa kibarazani. Kwa wenye nyumba wengi huo ni uchafu tu. Wageni wanalipa dola nyingi waende Serengeti kuona nyumbu wakivuka mto Mara, na mwenyeji anajionea kwamba wanyama ni mambo ya mbugani. Kumbe kuna msafara mwingine unaopita hesabu ya nyumbu wote, unakuja wenyewe mlangoni, na kiingilio chake ni kukaa nje jioni moja.

Kumbikumbi ni mchwa. Ndio vijana wa kichuguu waliojaliwa mbawa, macho na uwezo wa kuzaa, wakati ndugu zao vibarua na askari kwa kawaida hawana mbawa wala hawazai, na wengi ni vipofu. Tumezoea kuwaweka kundi moja na siafu na sisimizi, lakini ukoo wao wa karibu ni mende, na wanasayansi leo wanawahesabu ndani ya oda ya mende. Tabia zao za ndoa nazo ni za kwao. Dume la nyuki hufa akishapanda. Mfalme wa mchwa anabaki chumbani na malkia wake miaka yote, wakiendelea kuzaa pamoja.

Wanasubiri mvua kwa sababu mbili zilizo wazi. Udongo uliolowa unachimbika, na hewa yenye unyevu haiwakaushi. Kabla ya siku yenyewe, vibarua hutoboa matundu kwenye kichuguu, askari wakasimama kwenye kingo, na kumbikumbi wakajipanga ndani. Kisha vichuguu vya aina moja katika eneo zima hufunguka karibu kwa wakati mmoja. Hapo kuna faida kubwa. Kwanza, wa kichuguu hiki wanakutana na wa kichuguu kile, kwa hiyo kaka haoani na dada. Pili, ndege, vyura na mijusi wanashiba kabla hawajamaliza. Wengi sana huliwa, lakini wachache wakiponea, inatosha. Kila aina ina saa yake: kuna wanaoruka alasiri, wanaosubiri magharibi, na wanaotoka usiku wa manane.

Wavunaji wanazijua saa hizo kuliko vitabu. Magharibi mwa Kenya na Uganda wapo wanaofunika kichuguu, wakaacha mlango mmoja unaoelekea kwenye shimo au chombo, kisha wakapiga vijiti kwa mdundo wa matone ya mvua hadi kumbikumbi waanze kutoka. Waluo huwaita ngwen, na Waganda enswa.

Wakishatua sakafuni, usiwafagie bado. Chuchumaa. Kila mmoja ana mbawa nne zinazolingana, na karibu na bega pana mstari dhaifu ambapo ubawa hukatika. Mdudu anajitikisa, anajisugua, mbawa zinaanguka, na kuanzia hapo hataruka tena maisha yake yote. Jike hutulia, akainua tumbo na kutoa harufu. Dume likimfikia linamgusa, naye huanza kutembea, dume nyuma yake limemgusa mgongoni kwa papasi, wakipita kwenye saruji kutafuta udongo. Watoto wanaweza kufanya jaribio hapo hapo: mtenge dume kwa ncha ya ujiti. Katika aina kadhaa zilizochunguzwa, jike alisimama kusubiri na dume ndilo lililohangaika huku na huku kumtafuta. Mpangilio huo una akili, maana wote wawili wakikimbia watapishana gizani. Wakifika kwenye udongo laini wanachimba, wanajifungia, na kichuguu kipya kinaanzia hapo. Malkia wa baadhi ya aina za mchwa wakubwa akishakomaa hutaga mayai maelfu kwa siku.

Karamu ya kuwala kumbikumbi ina wenyeji na wageni wa mbali. Mijusi kafiri watakuwa ukutani karibu na taa, na chura mmoja mnene chini yake. Kabla ya giza, tazama juu. Mbayuwayu wanaopanga foleni kwenye nyaya za umeme kuanzia Oktoba wengi wao wamezaliwa Ulaya na Asia, na kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Mwenye kunishangaza zaidi ni kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo ambaye hafiki hata gramu 200. Anazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China, anapitia India, kisha anavuka bahari bila kutua, safari ya takriban kilomita 3,000, akisukumwa na kaskazi, upepo ule ule uliowaleta mabaharia wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Novemba na Desemba makundi yake hupita Kenya na Tanzania yakielekea kusini mwa Afrika, na kumbikumbi ni chakula chake kikubwa njiani. Ukiona ndege wembamba wenye mbawa zilizochongoka wakizunguka juu ya uwanja baada ya mvua, wakipeleka mguu mdomoni huku wanaruka, tafuta darubini ya kuazima. Mara nyingi huandamana na kereng'ende wa rangi ya dhahabu, ambao baadhi ya wataalamu wanaamini nao huvuka bahari kwa upepo huo huo.

Sasa, afya.  

Kuhusu faida za kutazama viumbe, kuna tafiti za kutosha za kutufanya tuketi nje, ingawa si za kutufanya tutupe dawa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala upande wa dirisha linaloona miti walitoka mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 utafiti wa watu karibu 20,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba waliofikisha dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema, ziwe kwa mkupuo mmoja au kwa vipande. Tatizo la utafiti huo kwa mada yetu ni kwamba muda wa bustani ya nyumbani haukuhesabiwa.

Wa King's College London, uliotoka 2022, unatufaa zaidi. Watu 1,292 waliulizwa kupitia simu, mara kadhaa kwa siku, kama wanaona au kusikia ndege na wanajisikiaje. Waliowaona au kuwasikia walijisikia vizuri zaidi, na nafuu hiyo iliweza kudumu kwa muda wa hadi saa nane. Ilionekana hata kwa wenye sonona. Washiriki walijitolea wenyewe, wengi wao wakiwa wa Ulaya, na mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Hata hivyo sioni hasara kwa mtu wa Mbagala au Kisumu kuinua shingo jioni badala ya kuinamia simu.

Na ukitaka kuwala, weka beseni la maji chini ya taa. Wakijaa, watoe, wakaange bila mafuta kwa sababu wanayo ya kwao, waanike, kisha wapepete kwa ungo mbawa ziende zake. Wana protini na mafuta kwa wingi, pamoja na madini ya chuma na zinki. Mwenye mzio wa kamba au kaa awe mwangalifu, kwa kuwa wadudu wana protini inayofanana na ya viumbe hao. Na usiokote wa kwenye nyumba au shamba lililopigwa dawa ya mchwa.

Uyoga unaochipua vichuguuni msimu wa mvua ni zao la mchwa hao hao. Mchwa wakubwa hawawezi kumeng'enya miti vizuri peke yao, kwa hiyo hulima kuvu chini ya ardhi, na kuvu hiyo ndiyo inayotoa uyoga tunaoupenda. Lakini uyoga kuota karibu na kichuguu hakuufanyi uwe wenyewe. Chuma tu ule ambao mzoefu wa eneo lako ameuthibitisha. Sumu ya baadhi ya uyoga haiishi kwa kuchemshwa, na huanza kuonekana saa sita au zaidi baada ya kula, wakati tayari inaharibu ini. Mtu akianza kutapika na kuharisha usiku baada ya mboga ya uyoga, asisubiri kukuche: apelekwe hospitali, na masalia ya uyoga yabebwe pamoja naye.