Je, Wajua? Watumwa Waliorudi Katanga na Injili

Je, wajua kwamba sehemu za Uluba, nchi ya Waluba huko Katanga, Kongo, zililetewa Injili na watu waliokuwa wameuzwa kutoka huko? Bunkeya, makao ya mfalme Msiri kaskazini mwa mji wa Likasi, ilikuwa soko la shaba, pembe za ndovu na watumwa. Misafara ya Waovimbundu iliwapeleka watu hadi Bié na Benguela, Angola. Baadhi yao waliishia kwenye vituo vya misheni, wakajifunza kusoma na kazi za mikono. Baada ya mapinduzi ya 1910 nchini Ureno, iliyotawala Angola, wengi walifunga safari ya kurudi kwao, Biblia mkononi, wakipita palepale walipopitishwa wakiwa mateka.

Mmoja wa waliorudi, Shalumbo, hakuwa mtumwa. Alikuwa mwinda watumwa! Akaokoka Angola, akarudi Kongo na waliokuwa mateka, akahubiri pamoja na misheni ambayo William Burton na James Salter waliianzisha Mwanza mwaka 1915. Nikisoma habari za Farao, humkumbuka Shalumbo: Musa alimwacha mtesaji wake baharini, lakini hapa mtesaji na mateka waliimba wimbo mmoja.

Je, wajua kwamba mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya watumwa wa visiwa vya Karibi, ambayo habari za Waisraeli kutoka Misri ziliondolewa? Waliozikata walijua zina nguvu gani.

Wala Biblia haiishii kwenye kufungua minyororo. Kumbukumbu la Torati 15 linaagiza mtumwa anayeachwa huru asitoke mikono mitupu: apewe mifugo, nafaka na divai, kwa kuwa Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Sura ya 23 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake.

Lakini huko Katanga, mwaka uleule wa mapinduzi ya Ureno, 1910, ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kukusanya wafanyakazi wa migodi, na wanaume wengi walitolewa vijijini kwa nguvu. Leo kuzunguka Likasi kuna watoto wanaookota na kuosha mawe ya madini badala ya kukaa darasani. Kanisa linaloimba wokovu Jumapili lina deni kwa watoto hao: karo, daftari, na sauti mbele ya wanaonunua mawe yao.