Nguvu Iliyomo Ndani ya Punje

Katika nchi yetu ya Singida mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Baada ya hapo nchi hukauka. Walakini katika miezi ile mikavu watu huenda kuteka maji, ng'ombe hutembea mbali kutafuta malisho, na watoto huenda shule. Nguvu hizo zote zatoka wapi? Mtu atajibu upesi, "Zatoka katika chakula." Amesema kweli, lakini hajafika mwisho wa neno. Chakula nacho kimezipata wapi?

Na tuanze na mmea. Watu wa kale walidhani ya kuwa mti hula udongo. Katika nchi iitwayo leo Ubelgiji alikuwako tabibu, jina lake Jan Baptist van Helmont. Alikausha udongo, akapima ratili 200, akautia chomboni, akapanda mche wenye uzito wa ratili 5, akaunywesha maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufa. Aliamini kwamba mti wote ulitokana na maji. Alipata nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hewa. Mwaka 1779 tabibu mwingine, Jan Ingenhousz, alionyesha ya kuwa majani mabichi huitengeneza hewa iwe njema, lakini penye mwanga tu. Gizani hayafanyi kazi hiyo.

Leo twajua zaidi. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huingiza hewa ya kaboni, yaani ile tuitoayo sisi tupumuapo. Mizizi huleta maji. Rangi ya kijani hushika mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo jani hutumia maji na hewa hiyo kufanya sukari. Oksijeni hubaki, ikatoka nje, nasi twaivuta. Basi sukari ni nguvu ya jua iliyowekwa akiba. Ikizidi haja ya mmea, mtama na uwele huigeuza kuwa wanga katika punje zao, na alizeti huigeuza kuwa mafuta. Mafuta ni akiba iliyoshindiliwa: gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili kuliko gramu moja ya wanga.

Mnyama hawezi kazi hiyo ya jani, naye hana budi kula kilichofanywa na mwingine. Ng'ombe hula majani, na simba hula ng'ombe. Hata heroe waonekanao katika Ziwa Singidani na Ziwa Kindai huchuja kwa midomo yao viumbe vidogo vya kijani vieleavyo majini, navyo vimelishwa na jua. Ndani ya mwili chakula huungana na oksijeni, kikaungua polepole pasipo moto wala moshi. Ndiyo maana mwili una joto, na moyo hupiga hata tulalapo. Sehemu kubwa ya nguvu hutumika hivyo ikaisha. Iliyobaki ndiyo ikuzayo nyama na mifupa. Mtoto asipopata nguvu ya kutosha, mwili wake hulipa kwanza gharama ya kuishi, na kukua hubaki nyuma.

Sasa tuitazame punje iliyofukiwa. Haina jani wala haioni jua, yaishije? Hula akiba yake. Ikipata maji huamka, ikafanya vimeng'enya, yaani vitu vivunjavyo wanga kuwa sukari, ili chipukizi lipate nguvu ya kupasua ardhi. Kwa sababu hiyo kimea ni kitamu. Wapikao pombe wajua jambo hili tangu zamani, lakini lina kazi bora kuliko pombe.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Sababu ni nyingi, na moja imo chunguni. Wanga ukipikwa hunywa maji ukavimba. Mama akitia unga mwingi, uji huwa mzito kama ugali, na mtoto wa miezi 8 hawezi kuumeza. Basi huongeza maji. Tumbo la mtoto ni dogo, kikombe kimoja hulijaza. Ameshiba maji, wala si nguvu.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini walihimiza unga wa kimea. Tengeneza hivi. Chagua uwele au mtama safi, uloweke usiku kucha, uchuje maji, kisha uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 hata uchipue. Anika juani ukauke kabisa. Pukuta mizizi na machipukizi yote, pepeta, kisha saga. Pika uji mzito, uepue, uuache upoe kiasi cha kuonjeka, utie kijiko kimoja cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utakuwa mwepesi bila kuongezwa maji, na unga wake wote umo. Urudishe motoni uchemke tena kidogo. Ukitia na kijiko cha mafuta ya alizeti, nguvu huzidi.

Angalieni sana: machipukizi ya mtama yana sumu, ile ile iuayo ng'ombe walao mtama mchanga shambani. Kwa hiyo msiache kuyapukuta. Tena, nguvu peke yake haijengi mwili. Mtoto apewe pia maharage, maziwa na mboga. Naye aliye chini ya miezi 6 atosheke na maziwa ya mama.

Ninyi walimu, waonyesheni wanafunzi jambo hili kwa macho. Oteni punje katika makopo mawili, moja juani na moja gizani. Zote zitachipua, kwa kuwa kila punje ina akiba yake. Lakini mche wa gizani utakuwa mrefu, wa manjano na dhaifu, na akiba ikiisha utakufa. Kisha waulizeni, "Na mtoto, akiba yake ni nini?" Wazee walisema, akiba haiozi. Basi akiba ya jua iliyomo ghalani mwenu isipotee katika uji mwepesi. Mpeni mtoto sehemu yake.