Mzazi, bana matumizi lakini usipunguze kijiko cha maziwa

Ni saa 2 asubuhi katika kliniki moja ya watoto jijini Dar es Salaam. Mabenchi yamejaa kina mama, kila mmoja na kadi yake mkononi. Mama mmoja kijana anamtoa mwanawe wa miezi minne kwenye khanga na kumweka kwenye mzani. Muuguzi anasoma uzito, anaangalia kadi, kisha anaiangalia tena.

"Mama, mtoto anakula nini?"

"Maziwa ya kopo, nesi."

"Unachanganyaje?"

Mama anasita kidogo. "Kopo limeandikwa vijiko vinne. Mimi naweka viwili, ili yafike mwisho wa mwezi."

Nesi hakumfokea. Alimvuta karibu na kumwonyesha kadi. Miezi miwili ya kwanza mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri. Baada ya hapo umelala. Mtoto alikuwa akijaza tumbo kwa maji meupe na kulala, huku mwili wake ukibaki na njaa.

Mama huyu si mzembe. Ni mzazi aliyerudi kazini mapema, akaona fedha haitoshi, akabana pale alipoona pa kubana. Wazazi wengi tunafanya hivyohivyo kila siku. Tatizo ni kwamba katika malezi kuna kubana kunakookoa fedha, na kuna kubana kunakoirudisha gharama hiyohiyo mlangoni ikiwa imeongezeka mara tatu. Leo tuangalie tofauti yake.

Hesabu ya kopo

Tuanze na kopo lenyewe. Mtoto mchanga anayetegemea maziwa ya kopo pekee huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 6 atahitaji kama mililita 900. Kopo la gramu 400 likichanganywa sawasawa hutoa karibu lita 3 za maziwa. Maana yake linatosha siku tatu hivi, na kwa mwezi mzazi anahitaji makopo kama 10. Chukua bei ya kopo katika duka la mtaani kwako, zidisha kwa 10, halafu ongeza mkaa au gesi ya kuchemshia maji.

Mama wa kliniki alikuwa na uwezo wa kununua makopo matano. Kwa kuweka nusu ya vijiko, matano yakafika mwisho wa mwezi.

Maziwa yaliyozidishiwa maji humfanya mtoto apungukiwe nguvu na protini. Si hivyo tu. Maji mengi kupita kiasi yanaweza kushusha chumvi katika damu ya mtoto mchanga hadi akapata degedege. Kuzidisha vijiko nako si suluhisho, kwa kuwa huzielemea figo zake. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kijiko kilichokuja ndani ya kopo hilohilo, kikiwa kimesawazishwa juu. Usitumie kijiko cha kopo jingine, maana vipimo hutofautiana.

Maziwa ya ng'ombe pia si njia ya mkato. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hayafai kuwa kinywaji chake kikuu, kwani madini ya chuma ni machache na yanaweza kumletea upungufu wa damu.

Akiba ya kwanza ipo kifuani

Maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji, bila uji, bila juisi. Baada ya hapo mtoto anaanzishiwa chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Watoto wanaonyonya huugua kuhara na nimonia kwa nadra kuliko wasionyonya, kwa hiyo akiba haiishii kwenye bei ya kopo. Inafika hadi kwenye nauli ya hospitali na siku za kazi zilizopotea.

Wengi husema maziwa hayatoki. Mara nyingi maziwa hufuata mahitaji: mtoto akinyonya zaidi, mwili hutengeneza zaidi. Ukimpa chupa kila anapolia, mwili unapokea taarifa kwamba maziwa hayahitajiki. Hata mama aliyeanza kutumia kopo anaweza kuongeza maziwa yake kwa kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, usiku na mchana, akisaidiwa na mtoa huduma. Mama anayeishi na VVU asiache kunyonyesha kwa kusikia maneno ya mtaani. Akitumia dawa zake vizuri, na mtoto akapewa kinga, anaweza kunyonyesha kwa kufuata ushauri wa kliniki.

Kwa mama mwajiriwa, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi kazini, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Wengi hawaidai haki hii kwa sababu hawaijui.

Kwa anayefanya biashara sokoni au dukani, kukamua kunasaidia. Nawa mikono, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa hadi saa nne mahali penye ubaridi nje ya jokofu, na hadi siku nne ndani ya jokofu. Kwa joto la Dar es Salaam, usisubiri zifike hizo saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Huduma ambazo umeshalipiwa

Kuna mzazi anayeruka kliniki ili kuokoa nauli, kisha anatumia fedha nyingi kutibu ugonjwa wenye chanjo. Chanjo za ratiba ya taifa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto huanza na kifua kikuu na polio anapozaliwa, kisha hurudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Kuanzia miezi 6 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na akifikisha mwaka huongezewa dawa ya minyoo. Wajawazito wanaoanza kliniki, na watoto wanaofika chanjo ya miezi 9, hupewa chandarua chenye dawa katika maeneo mengi. Kiulize kabla hujanunua cha dukani.

Sera ya afya pia inawasamehe gharama za matibabu watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito katika vituo vya umma. Ni kweli kwamba wakati mwingine dawa hazipo na unaandikiwa kwenda kununua. Hilo likitokea, muulize mtoa huduma ipi ni ya lazima leo, na kama ipo ya aina hiyohiyo kwa bei nafuu. Swali hilo si utovu wa adabu.

Fedha inayopotelea duka la dawa

Mtoto akipata mafua, wazazi wengi hukimbilia antibayotiki na chupa mbili za dawa ya kikohozi. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Dawa nyingi za kikohozi hazina faida kwa watoto wadogo na baadhi zina madhara. Mnyonyeshe zaidi, msafishe pua, mpe vimiminika akiwa ameshafika umri wa kula. Aliyevuka mwaka mmoja anaweza kulambishwa asali kidogo. Chini ya mwaka mmoja asali ni hatari, asipewe kabisa.

Kuhara nako kwa kawaida hakuhitaji antibayotiki, isipokuwa kama kuna damu kwenye choo au mtaalamu amegundua ugonjwa unaoihitaji. Kinachookoa maisha ni ORS na zinki, vyote vya bei ndogo. Pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyevuka hapo. Usiikatishe kwa sababu kuhara kumeisha. Ukikosa pakiti usiku, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji vitakufikisha asubuhi.

Dawa za kuongeza hamu ya kula na chupa za vitamini zinazouzwa bila mtoto kupimwa ni eneo jingine la kubana. Kigari cha kujifunzia kutembea pia kiache dukani. Hakimfanyi mtoto atembee mapema, na kimeangusha wengi kwenye ngazi na karibu na majiko. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Nguo za mtumba hazina ubaya. Zifue, zianike juani, zipige pasi. Pampasi tumia usiku na safarini, mchana nyumbani nepi za kitambaa zinatosha, mradi zinafuliwa na kusuuzwa vizuri.

Sahani ya bei ndogo

Unga wa lishe wenye nafaka kumi si bora kuliko wa nafaka moja. Mahindi, mtama, ulezi na mchele vyote kimsingi hutoa wanga, na kuvirundika pamoja hakuongezi lishe kwa kiasi cha bei yake. Karanga na mahindi yakiwa na unyevu hubeba sumukuvu, na kuzisaga pamoja kunaficha punje mbovu.

Pika uji mzito wa nafaka moja, usiochuruzika kwenye kijiko, kisha uurutubishe wakati wa kupika: karanga safi zilizosagwa, dagaa waliosafishwa na kutwangwa, yai, maharage yaliyopondwa, mchicha, parachichi. Fungu la dagaa lina protini na madini ambayo biskuti na juisi ya boksi havina, na halitobozi meno.

Mahali pa kutobana

Kuna safari ambayo haiahirishwi hadi mshahara uingie. Mpeleke mtoto kituoni mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kutoamka, akipumua kwa kasi au mbavu zikibonyea ndani, akiharisha damu, au akiwa na homa chini ya miezi miwili.

Safari hiyo ndiyo itengewe akiba. Fungua kibubu au pochi ya pembeni kwenye simu, iite ya hospitali, weka hata shilingi 500 kwa siku. Ndani ya mwezi ni shilingi 15,000, nauli ya bodaboda ya usiku na pengine dawa. Kama kikoba chenu kina mfuko wa jamii, uliza kama unatoa kwa mtoto anayeugua. Baba naye ajue fedha hiyo iko wapi, maana homa haisubiri mwenye namba ya siri arudi.

Yule mama aliondoka kliniki na maagizo mawili: vijiko vinne kama kopo linavyosema, na mtoto awekwe kifuani kila anapokuwa naye, hasa usiku. Mwezi uliofuata alikuja na kadi yake. Makopo yalikuwa yamepungua, kwa kuwa mtoto alikuwa akinyonya usiku kucha. Mstari ulikuwa umeinuka kidogo. Nesi aliuchora, akampa tarehe ya kurudi.

Angalia kadi ya mtoto wako leo. Kama mstari umelala, usisubiri tarehe.