Je, Wajua? Kitabu Kilichozaliwa Ng'ambo ya Bondeni

Je, wajua kuwa ukitoka mtaa wa Bondeni, Mombasa, ukavuka daraja la Nyali, utakuta kengele kongwe iliyoupa mtaa jina la Kengeleni? Ilipigwa kuwatahadharisha watumwa waliokombolewa wa Freretown, kijiji cha wamisionari cha miaka ya 1870, kwamba wateka watu wanakuja. James Mbotela, ambaye babake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa, aliandika masaibu yao katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1934 na kusomwa shuleni. Freretown ilipoanza, utumwa ulikuwa bado haujafutwa: Pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kitabu cha Mbotela kinafaa sana kuwafunza watoto historia, mradi waulizwe pia: mbona kinawasifu mno Waingereza waliowakomboa, na watumwa wenyewe walijipigania vipi?