Linda mgongo unapobeba mizigo

Kuli hodari huweza kuinua gunia la mahindi la kilo 90 peke yake, lakini huuhatarisha mgongo wake. Akiinama kiunoni, gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa sana. Gegedu ikichomoza hugandamiza mshipa wa fahamu, na maumivu huteremka hadi mguuni.

Kinga ya kwanza ni kupunguza uzito: gawanyeni mzigo, saidianeni au tumieni mkokoteni. Mzigo mwepesi usogelee, kunja magoti, ushike karibu na kifua, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, sogeza nyayo, usijipinde kiuno.

Mgongo ukiuma, kisha sehemu za siri zife ganzi au ushindwe kuzuia mkojo, usingoje kukandwa. Nenda hospitali mara moja.