Wakristo na Kiti cha Hakimu (3): Mwanamume Alikuwa Wapi?

Juma lililopita niliishia kwenye mabaraza ya wazee wa kanisa na mamlaka yao ya kumpima muumini mwenzao. Leo nasogea hatua moja mbele. Watu wengi huzungumzia unafiki na tabia ya kuhukumu kana kwamba ni magonjwa mawili, moja la viongozi na jingine la wambea. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ni ugonjwa mmoja. Kanisa linalohukumu ndilo linalozalisha wanafiki wake, na nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Usharika wetu ulikuwa na jengo la matofali ya kuchoma, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Jumapili hiyo, baada ya matangazo, mwinjilisti alimwita binti mmoja aje mbele. Alikuwa amejifungua miezi michache kabla, na mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa khanga ya kijani. Binti akapiga magoti kwenye saruji. Akaulizwa maswali ambayo majibu yake alikwisha kufundishwa, akayajibu kwa sauti ambayo sisi wa viti vya mbele tu tuliweza kuisikia. Mtoto akaanza kulia. Mwinjilisti akangoja, na kanisa zima likangoja. Hakuna aliyenyanyuka kumpokea mtoto. Kisha kwaya ikaimba, na katika safu ya nyuma, upande wa besi, alisimama kijana ambaye kijiji kizima kilijua ndiye baba wa yule mtoto. Aliimba vizuri. Hakuitwa mbele Jumapili ile wala nyingine yoyote.

Tuliporudi nyumbani mama yangu alimenya ndizi kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, kama anayezungumza na kisu: "Tumbo la mwanamke lina mdomo."

Kwetu tendo lile liliitwa kurudi kundini. Kabla yake binti alikuwa amefungiwa Meza ya Bwana, jina lake likiwa limeandikwa kwenye daftari la wazee. Sipingi kwamba Kanisa linahitaji nidhamu. Nitaeleza hapo chini kwa nini. Ninachouliza ni kile alichokisema mama. Nidhamu yetu imemkamata nani? Imemkamata yule ambaye dhambi yake inaonekana kwa macho. Mimba inaonekana. Pombe inanuka. Suruali kwa mwanamke inaonekana kutoka barabarani. Lakini choyo hakina harufu, na mtu anayemdhulumu mjane shamba la urithi huja ibadani amevaa suti.

Msomaji achukue Biblia yake afungue Injili ya Yohana, mwanzoni mwa sura ya 8, pale waandishi na Mafarisayo wanapomleta mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi. Wanasema amekamatwa papo hapo. Sasa, uzinzi hautendwi na mtu mmoja. Torati waliyoishika mkononi iko wazi: Walawi 20:10 na Kumbukumbu la Torati 22:22 zote zinataja mwanamume na mwanamke, na adhabu ni ya wote wawili. Kama walimfumania mwanamke, basi mwanamume walimwona pia. Alikuwa wapi? Ama walimwacha akimbie, ama alikuwa mwenzao. Kwa hiyo, hata kabla Yesu hajafungua kinywa, kesi ile ilikuwa imeharibika kwa sheria ileile waliyoitumia kumshitaki mwanamke.

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri yetu hulipita haraka. Kumbukumbu la Torati 17:7 inaagiza kwamba mashahidi ndio wa kwanza kurusha jiwe. Hivyo jibu la Yesu kuhusu nani aanze halikuwa ujanja wa maneno. Aliirudisha sheria mahali pake, kwa watu waliosema "tumeona", akawataka wasimame mbele na wao wapimwe. Waliondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Naamini wazee walitangulia kwa sababu walikuwa na mengi zaidi ya kukumbuka.

Kisa hiki chenyewe kina historia ya kuhuzunisha. Nakala kongwe kabisa za Kigiriki za Injili ya Yohana hazina mistari hiyo. Wataalamu wana maelezo mbalimbali, na wengi huona kwamba simulizi hili lilisafiri kwa njia yake lenyewe kabla ya kupata makao katika Yohana. Lakini Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alitoa dhana yake: kwamba wanaume wa imani haba walikiondoa kwenye nakala zao kwa kuogopa wake zao wasije wakapata kibali cha kutenda dhambi. Sitakula kiapo kwamba Augustino alikuwa sahihi kuhusu nakala. Kuhusu wanaume, namwamini.

Turudi kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema mnafiki, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, munafiq, na Waislamu wanajua kwamba sura ya 63 ya Kurani inaitwa kwa jina la watu hao. Wanaisimu wa Kiarabu wa zamani waliliunganisha neno hilo na shimo la mnyama mdogo wa jangwani anayefanana na panya. Mnyama huyo huchimba shimo lenye mlango unaoonekana, na upande wa pili huacha tundu lililofunikwa kwa udongo mwembamba, ili akivamiwa mlangoni asukume kwa kichwa na kutokea huko. Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia neno lililomaanisha mwigizaji wa jukwaani, mtu anayesema kwa sauti ya mwingine mbele ya watazamaji.

Nikiyaweka maneno haya mawili pamoja, naona jambo ambalo mahubiri ya kukemea unafiki hayasemi. Mwigizaji huhitaji watazamaji. Na yule mnyama hachimbi tundu la pili kwa sababu ana roho mbaya. Analichimba kwa sababu anawindwa. Usharika ukigeuka kuwa kikosi cha wawindaji, kila muumini mwenye akili atachimba tundu lake.

Hata mtume alilichimba. Katika Wagalatia sura ya 2, Paulo anasimulia jinsi Petro alivyokuwa akila pamoja na watu wa Mataifa kule Antiokia. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, Petro akajitenga na ile meza, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Paulo anakiita kitendo hicho unafiki, na anataja sababu yake: hofu. Petro hakuwa amebadili imani. Alikuwa amebadili meza kwa sababu ya macho ya watu fulani. Ndugu zangu, kama macho ya wageni wachache yalimtosha Petro, binti wa miaka 18 afanye nini mbele ya kanisa zima?

Nilisema sipingi nidhamu. Mathayo 18:15 inaagiza kwamba ndugu akikosa, umwendee ninyi wawili tu, faraghani. Mashahidi ni hatua ya pili, na kanisa ni ya tatu. Sisi tumeugeuza utaratibu. Habari huanzia kisimani, hupita kwenye kikundi cha akina mama, hufika kwa wazee, husomwa ibadani, na mkosaji mwenyewe ndiye anayeambiwa mwisho. Kisha Paulo, katika 1 Wakorintho 5:11, anataja watu ambao kanisa lisishirikiane nao wakidumu katika njia zao. Mzinzi yumo. Lakini wamo pia mwenye choyo, mwenye kuabudu sanamu, mwenye kutukana, mlevi na mnyang'anyi. Nimeishi ndani ya Kanisa zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kusikia mtu ametengwa kwa choyo. Nimemwona mwenye choyo akiwekewa kiti chenye kitambaa siku ya mnada wa mavuno, na kipaza sauti akapewa.

Afrika Mashariki ilishawahi kuonyeshwa njia nyingine. Uamsho ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, na kuingia Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na desturi ya kukiri dhambi hadharani. Mizizi yake ilikuwa katika urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana kwenye kilima cha Namirembe mwaka 1929. Jambo lililowashangaza watu wa zama zile ni mpangilio wa kukiri: mtu alianza na yake. Wamisionari wazungu walisimama wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika, katika enzi ya ukoloni. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alisimulia jinsi alivyogombana na mkewe Mera kisha akawa anatoka kwenda kwenye ibada, akasikia moyoni mwake kwamba aende tu, lakini Mungu atabaki jikoni na Mera. Akarudi jikoni kuomba radhi. Walokole wa namna hiyo hawakuwa na haja ya tundu la pili.

Lakini moto ule nao ukapata walinzi. Kukiri kwa hiari kukawa kipimo cha nani ameokoka sawasawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likazuka Uganda kundi lililojiona limezinduka kuliko wengine, likawapima ndugu zao kwa mambo kama mikopo na mavazi. Mikopo na mavazi yanaonekana. Tumbo lina mdomo, na mkopo una karatasi.

Gharama ya tabia hii haikuishia kwenye aibu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata, wengi wetu tulisikia mimbarini kwamba ugonjwa huo ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi. Wahubiri walidhani wanawaonya watu. Nilihudhuria mazishi mengi miaka ile, na nakumbuka wasifu wa marehemu ulivyokuwa ukisomwa: aliugua kifua, alisumbuliwa na malaria ya muda mrefu, alianza kujisikia vibaya Januari. Sote tulijua, na sote tuliitikia amina. Mjane aliyekuwa ameketi mkekani, na mwili umekwisha, hakuthubutu kwenda kupima, maana kupima kulikuwa sawa na kusimama mbele ya kanisa na kuulizwa maswali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wengi kiliwaumbua. Lakini nani aliyewafundisha kuficha?

Mtu mmoja alikataa kuficha. Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alifiwa na mke wake mwaka 1991. Mwaka uliofuata alipimwa, akakutwa na virusi, akalisema jambo hilo hadharani. Anahesabiwa kuwa kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Baadaye yeye na wenzake waliunda mtandao wa viongozi wa dini Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Fikirini: mtandao mzima, wachungaji, mapadri, masheikh. Walikuwapo siku zote, wakiongoza ibada zetu, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Ilihitajika sauti moja isiyohukumu ndipo wakajitokeza.

Kwa binti wa kijijini kwetu na wenzake, Serikali ya Tanzania imetangulia pale ambapo Kanisa lilipaswa kutangulia. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alipoteza viwili kwa mpigo, darasa na Meza ya Bwana. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule rasmi. Mabaraza mengine ya wazee bado yanaandika katika daftari lilelile, ukurasa wa kushoto majina ya wasichana, ukurasa wa kulia mtupu.

Juma lijalo nitaingia kwenye suala zito zaidi, la kukataa kumzika muumini kwa sababu hakushiriki jumuiya au hakumaliza ahadi zake. Leo nina ombi moja kwa wazee wa kanisa wanaosoma gazeti hili, na nawaomba kwa heshima yote. Kesi ya mimba ikiletwa mezani kwenu, mwiteni kwanza mwanamume, faraghani, kama Mathayo inavyoagiza. Kama hamtaki kumwita, basi msimwite mwanamke. Fungeni daftari mwende nyumbani. Na ikitokea hata hivyo kwamba binti amepiga magoti mbele yenu na mtoto mgongoni, na mtoto akaanza kulia, tafadhali mmoja wenu anyanyuke ampokee.